Nusu ya Leso

Kwa siku tisa Kunazi alikuwa hajala kitu. Maji alikunywa, lakini aliyaramba kwa heshima tu, kama mgeni anayeonja chai asiyoitaka. Dama alimchemshia dagaa, akamchambulia minofu ya nguru, akamsagia ini la kuku na kumpa kwenye ncha ya kidole chake mwenyewe. Paka alikinusa kidole, akakisukuma taratibu kwa kichwa, akaenda zake kukaa mlangoni.

Ilikuwa saa kumi kasorobo, na Dama hakuhitaji kutazama saa ili kujua hilo. Kwa miaka kumi na mitatu Kunazi alikuwa akienda mlangoni wakati huohuo, kwa kuwa saa kumi ndipo Randu aliporudi kutoka kwenye mizinga yake ya nyuki, akinuka moshi na nta, na paka akampanda begani kabla hajavua viatu. Sasa Randu ana miezi minane kaburini, na paka bado anakwenda. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hao, Dama alijiambia, hawakuwahi kufuga paka.

"Haji," alimwambia. "Nimekwambia mara ngapi?"

Kunazi alizungusha sikio moja tu. Kwenye daftari la nasaba aliandikwa Malkia Furaha wa Mida wa Tisa, kadzonzo halisi, wa ule ukoo wa paka wa msituni ambao Wagiriama waliuita hivyo kwa kuwa manyoya yao yamefanana na ganda la mti. Lakini kila paka wa nyumba ile alikuwa na majina mawili, la daftari na la jikoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitikia la daftari. Huyu aliitwa Kunazi kwa sababu alizaliwa mdogo na wa mviringo kama tunda lenyewe. Alikuwa wa mwisho. Wengine wote Dama alishawatafutia nyumba, mmoja baada ya mwingine, tangu magoti yake yalipoanza kukataa kuinama mbele ya vizimba.

Gari lilimshusha Daktari Shee uani, kisha likajiondokea lenyewe kwenda kutafuta kivuli. Daktari alikuwa mtu wa Lamu, mrefu, wa sauti ya chini, na Baraza la Nasaba lilimtuma kwa kila mfugaji wa pwani ya kaskazini. Alishika mkoba, na Dama alijua kilichomo.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Pita kando, usimruke. Yuko kazini."

Daktari alimtazama paka aliyekaa mlangoni, akapita kando, wala hakucheka. Kwa mambo kama hayo Dama alimpenda.

Kila paka wa daftari alivishwa kidani akiwa na miezi mitatu. Kwa asiyejua, ni ukanda tu wenye kifungo cha shaba. Lakini paka haishi ndani ya nyumba kama tunavyoishi sisi, kwa kuta na milango. Anaishi ndani ya harufu, na kila harufu ameiweka mahali pake na kwa saa yake. Kidani kiliisoma ramani hiyo kupitia mishipa ya shingo na kuitunza. Daktari alitandaza kitambaa chake cha kuonea juu ya meza, akakigusa pembeni, na nyumba ya Dama ikajichora pale kwa rangi.

Jiko lilikuwa kijani. Kitanda kilikuwa samawati, rangi ya Dama mwenyewe. Na kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha kamba kilichokuwa dirishani, kisha chumbani, kisha kwenye msumari nyuma ya mlango, ulikwenda mto mpana wa rangi ya asali.

"Huyo ni yeye," alisema Dama.

"Ndiye." Daktari aliinamia kitambaa. "Sasa tazama, mama. Rangi hii ilitakiwa iwe imeshapauka. Mtu akiondoka, baada ya miezi mitatu, minne, hubaki uzi tu. Hii ni mbichi. Kila siku inapakwa upya. Na hii hapa inayotembea, inatoka jikoni, inakwenda uani, inarudi. Ni ya nani?"

Dama alitazama. Ilikuwa doa la samawati lililofunikwa na asali. Kisha akajitazama mwenyewe. Alikuwa amevaa koti la nyuki la Randu. Kila asubuhi tangu siku ya matanga alikuwa akilitoa kwenye msumari na kulivaa, na waliomuuliza aliwaambia ni baridi ya kusi, hata ilipokuwa mwezi wa tatu na watu wakijipepea kwa vifuniko vya sufuria. Hakuwa amelifua hata mara moja.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye ninayemdanganya."

"Hukujua, mama."

"Nimefuga paka miaka hamsini. Nilijua. Sikutaka tu kujiambia." Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Nikilifua leo?"

"Nta imeshaingia kwenye kiti, imeingia ukutani. Nikimfifisha halafu abaki humu, baada ya siku tatu ramani itajichora tena. Tukimhamisha bila kumfifisha, atakwenda kumtafuta huko. Wewe mwenyewe wajua. Zamani, kabla ya kifuu, uliwahamisha paka wazima wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Walioishi?"

"Wanne."

Daktari alikitoa kifuu na kukiweka mezani. Kilikuwa na jina refu la kitabibu, lakini kwa umbo kilikuwa kifuu cha nazi kitupu, na wafugaji hawana muda wa majina marefu. Kilivishwa kichwani mwa paka kwa muda wa kupika ugali. Kilifuata ramani mstari kwa mstari na kuilegeza, mpaka nyumba yote ya zamani ikawa kama mahali paka aliposikia pakisimuliwa. Ndani ya siku saba zilizofuata alijichorea nyumba mpya. Paka aliyefifishwa alikula jioni ileile. Paka wa ukoo, wanaokufa kwa kihoro wakihamishwa, wakaacha kufa.

Dama ndiye aliyekuwa mfugaji wa kwanza Kilifi kukikubali. Aliwatetea waliokileta, akawaambia wenzake waliolia kwamba paka hajui kitu, ni kulala na kuamka. Aliweka kidole chake cha ridhaa mara mia na zaidi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Yupo wa kumchukua," alisema Daktari. "Mwanamke wa Gede. Ameniomba miaka mitatu. Baraza halikulazimishi, mama, kidole ni chako. Lakini figo zake hazina wiki."

"Wajua unaloniomba?"

"Nalijua kidogo."

"Mimi nikimkumbuka Randu nakumbuka maneno yake na sura yake, na hata sura imeanza kunitoka. Nikitaka kujua kama kweli alirudi nyumbani kila siku saa kumi, sitazami picha. Namtazama huyu." Alimwonyesha paka mlangoni. "Nikiweka kidole, Randu atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii nimemuua mimi."

Daktari Shee alikirudisha kifuu mkobani. Alikunja kitambaa chake, akasema atarudi kesho asubuhi.

*

Asubuhi Dama alimchana Kunazi kama siku za maonyesho. Kwanza brashi ya katani, kurudi nyuma, kuamsha manyoya. Kisha kitambaa cha maji ya mvua. Mwisho kipande cha hariri, kutoka kichwani hadi ncha ya mkia, mara hamsini, mpaka ganda la mti ling'ae. Hariri ilikuwa kazi ya Randu. Alikuwa na mikono mikubwa iliyovimba kwa kuumwa na nyuki, lakini kwenye manyoya ilikuwa mikono ya mkunga.

Siku zile ukumbi wa maonyesho pale Malindi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Paka waliletwa kutoka Mombasa, Tanga, hata Moroni, kila mmoja ndani ya kizimba kilichopambwa kwa mapazia. Akina mama walivaa kana kwamba wao ndio watakaopewa alama. Mwaka ambao Kunazi alikuwa na miaka minne, kila mtu alijua kikombe ni chake. Jaji alimsimamisha juu ya meza ndefu, akamnyoosha mkia, akamtazama meno, kisha akaita kwa sauti ya ukumbini, "Malkia Furaha wa Mida wa Tisa." Paka akapiga miayo. Jaji akaita tena. Kunazi akajilaza.

Basi Randu, aliyekuwa mstari wa tano, akapitiwa. Alipiga ulimi mara mbili, ule mlio wake wa kurudi nyumbani, na paka akaruka kutoka mezani, akapita juu ya mapaja ya wageni waheshimiwa, akampanda begani na kuanza kunguruma mbele ya kipaza sauti. Akaondolewa mashindanoni. Njia nzima ya kurudi Dama hakumsemesha mumewe, na mumewe njia nzima alitabasamu huku akitazama nje. "Kikombe hakipandi begani, mke wangu," alisema walipofika. Dama alikasirika siku tatu. Leo angetoa vikombe vyote kabatini ili akasirishwe hivyo tena.

Alipomaliza hariri alikuta mikono yake imefungua sanduku bila kumwuliza. Ilitoa leso ambayo Kunazi alilalia tangu utoto, ikatoa mkasi, ikaikata katikati.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba yao, yeye na Randu waliianza. Mtoto wa paka akipata mwenyewe, leso aliyolalia na mama yake hukatwa. Nusu hubaki na mama, nusu humfuata mtoto, ili usiku wa kwanza ugenini awe na pembe moja ya dunia anayoijua. Watoto mamia waliondoka na nusu ya leso, na walinenepa. Kisha kifuu kikaja, na Baraza likatoa amri: aliyefifishwa, kwa siku saba, asifikiwe na kitu chochote cha kwao. Hata uzi.

Dama aliiona amri hiyo kama ukali wa watu wa ofisini. Mwaka wa tatu wa kifuu alikuja mtoto wa kike wa miaka minane kumchukua paka mzima aitwaye Fulusi. Mtoto alikuwa akitetemeka kwa furaha, na Dama akamhurumia yeye na paka wote wawili, akamchomekea nusu ya leso chini ya kikapu. Hakujua bado kwamba leso inayomfariji paka mwenye ramani nzima humtia wazimu asiye nayo. Fulusi alinusa kile kitambaa na kujua kwamba ana kwao. Ila hakujua ni wapi. Alitoka dirishani siku ya nne, akatembea. Walimpata siku ya kumi na tano kwenye mashamba ya chumvi, mwepesi kama jani. Dama hakumwambia mtu ila Randu.

Aliitazama ile leso iliyokatwa mikononi mwake. Aliijua hatari yake kuliko mtu yeyote aliye hai. Nusu moja akaiweka ndani ya kopo lenye kifuniko cha kukaza, na kopo akalitia mkobani.

*

Nyumba ya Gede ilikuwa ya udongo uliochapwa kwa mashine, kuta za mviringo, bado inanuka mvua. Dama alikuwa ameoga kwa sabuni ya daktari mara tatu na kuvaa dera jipya lenye lebo shingoni. Kunazi alikuwa ndani ya kikapu kipya, hana nguvu hata ya kulalamika.

Mwanamke aliyewafungulia alikuwa na miaka kama thelathini. Alimsalimu Daktari, kisha akamshika Dama mikono yote miwili.

"Hawe Dama," alisema, kama watoto wa Kigiriama wanavyomwita bibi. "Hunikumbuki. Mimi ni Nyevu wa Charo. Ulinipa Fulusi."

Dama alimtazama Daktari, na Daktari akatikisa kichwa. Hakuwa akijua.

"Keti, hawe. Mbona umesimama?" Nyevu alikwisha kutandika kila kitu: kisahani cha dagaa, mchanga kwenye beseni, mto karibu na dirisha. Madirisha yote yalikuwa na wavu, wavu mpya wa chuma, uliopigiliwa misumari mingi kuliko ilivyohitajika. Alisubiri Daktari aanze kukitayarisha kifuu, ndipo akainama na kuuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeomba kashata kabla ya chakula, "Hukuniwekea leso safari hii? Ile ya kwanza ninayo mpaka leo. Ndicho kitu nilichokipenda kuliko vyote."

Kopo lilikuwa mkobani, chini ya kiganja cha Dama. Lingefunguka kwa kuzungusha mara moja. Pembe moja ya leso chini ya mto, nani angeona? Na Randu angebaki duniani kwa upana wa kitambaa. Aliwaza hivyo, sitamfichia, na aliwaza kwa muda mrefu kuliko alivyotaka kukiri baadaye.

"Ninayo," alisema. "Sikupi. Keti wewe kwanza, mwanangu."

Akamweleza. Hakuzunguka. Alisema amri ilikuwepo, alisema aliijua, alisema aliiweka leso chini ya kikapu kwa mkono wake, na kwamba hiyo ndiyo iliyomtoa Fulusi nyumbani. Daktari Shee alikuwa ameacha kufanya kazi. Kama angeliandikia Baraza, jina la Dama lingefutwa daftarini pamoja na kizazi chote cha Mida, na Dama alilijua hilo alipokuwa akisema.

Nyevu aligeuka kulitazama dirisha.

"Mimi ndiye niliyelala na dirisha wazi," alisema. "Mama alinikataza. Miaka ishirini na miwili nimefikiri nilimuua mimi."

"Dirisha halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nikakuacha ulibebe. Nisamehe."

Nyevu hakusema amesamehe. Alifuta uso kwa ukingo wa leso yake, akaitazama ile misumari yote ya dirishani, kisha akasogea kwenye kochi akamwachia Dama nafasi ya kukaa. Dama akakaa. Walikaa hivyo bega kwa bega, na ilitosha kwa siku ile.

Daktari alileta kibao cha ridhaa. Dama alimtoa Kunazi kikapuni, akamweka mapajani kwa mara ya mwisho. Akapiga ulimi mara mbili, kama Randu. Hakuwahi kuuweza vizuri ule mlio, lakini paka aliinua kichwa na kuutazama mlango.

"Hivyohivyo," Dama alisema. "Umefanya kazi yako vizuri. Sasa pumzika."

Akaweka kidole.

Kifuu hakikutoa sauti. Juu ya kitambaa cha kuonea nyumba yao ilianza kupauka: jiko, kitanda, kiti cha kamba. Mto wa asali ulikuwa wa mwisho. Ulipungua kutoka chumbani, ukarudi nyuma kuelekea mlangoni, ukabaki pale kizingitini doa dogo, na Daktari, bila kuambiwa, akaondoa mkono wake na kuliacha lijiondokee lenyewe. Dama alililia doa lile kama ambavyo hakulia siku ya mazishi, maana siku ya mazishi kulikuwa na wageni wa kulisha.

Kunazi alifumbua macho. Alimtazama Dama, akanusa mkono wake, kwanza upande huu, kisha ule. Alikuwa na adabu, kama alivyokuwa siku zote kwa wageni. Kisha akashuka mapajani, akayumba, akasimama katikati ya sakafu ngeni akiipima hewa.

Akaenda kwenye kisahani. Wakasikia wote watatu mifupa midogo ya dagaa ikivunjika.

*

Gari lilimrudisha Dama kabla ya alasiri. Daktari Shee hakusema neno juu ya leso ya zamani. Alipomshusha alichukua kopo kutoka mkobani, akalitazama, akamrudishia. "Hili ni lako," alisema. "Amri ni ya paka, haimhusu mtu."

Nyumba ilikuwa kimya. Dama alilitoa koti la nyuki kwenye msumari, akalipeleka mpaka kwenye beseni la kufulia, akasimama nalo. Kisha akalirudisha. Sasa halikuwa na wa kumdanganya tena. Alilivaa, akapika chai, akaosha kisahani cha paka na kukipindua.

Miaka hamsini hakuwahi kumpokea mumewe mlangoni hata siku moja. Saa ile kila siku alikuwa vizimbani, amekunja mikono ya nguo, akisema kwa sauti kutoka uani kwamba chai iko mezani. Kupokea ilikuwa kazi ya paka.

Saa kumi kasorobo alivuta kiti cha kamba kutoka dirishani, akakiweka mlangoni, akakaa. Kivuli cha ukuta kilivuka ua polepole. Ilipotimia saa kumi alijiweka sawa kitini, akasafisha koo, akatoa habari za siku kama mke anavyompa mume aliyerudi na uchovu wake.

"Amekula," alisema.